Kijerumani si Hirizi ya Kuvukia

Nilipowaambia wenzangu barazani, pale Kibokoni, kwamba naenda Ulaya kukaa darasani nijifunze Kijerumani, mmoja wao aliweka chini kikombe chake cha kahawa akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, umepata mchumba?" Wote wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, kwani swali lenyewe halikuwa la utani mtupu. Hapa kwetu pwani, tangu watalii walipoanza kujaa katika hoteli za Bamburi na Diani, Kijerumani kimekuwa na sifa yake. Anayejifunza lugha hiyo ama ni kijana wa ufuoni anayeuza vinyago na safari za mashua, ama ni mtu mwenye mume au mke huko Ujerumani anayetaka kumfuata. Siku hizi limezidi kundi la tatu, la wauguzi na mafundi wanaotafuta kazi. Sasa mzee wa miaka 62, mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, asiye na mchumba wala mkataba, ana haja gani ya kwenda kusumbua ulimi wake uzeeni?

Haja ilikuwa mjukuu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anakaa Hamburg mwaka wa kumi sasa, na mwanawe wa miaka sita hajui Kiswahili. Niliona ni aibu kwamba mimi, niliyefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, nikae nyumba moja na mjukuu wangu tukionyeshana vidole kama mabubu. Basi nikaenda, nikakaa tangu mapema Februari hadi Aprili ya 2024, na kwa majuma manane nikahudhuria masomo siku tano kwa juma, saa tatu asubuhi hadi saa sita na robo.

Nimerudi na maoni ambayo najua hayatawapendeza baadhi ya wasomaji. Naona sisi watu wa pwani twajifunza Kijerumani vibaya. Twakichukua kama hirizi: mtu huivaa shingoni mpaka avuke, akishavuka huivua. Na lugha hiyo kwetu sisi si ya kuvukia tu. Tuna vitu vyetu vimefungiwa ndani yake.

Lakini kwanza niuseme mji. Hamburg ni mji wa bandari kama Mombasa, ila bahari haiko. Nilipofika niliitafuta kwa macho nisiione. Meli huja kwa mto uitwao Elbe, zikapanda kiasi cha kilomita mia moja kutoka baharini, na maji hupwa na kujaa huko huko mtoni kama yanavyopwa na kujaa Kilindini. Wenyeji huhesabu umri wa bandari yao tangu tarehe 7 Mei 1189, na kila mwaka mwezi huo humiminika gatini kwa maelfu kuisherehekea. Kuna feri pia. Feri namba 62 hutoka Landungsbrücken hadi Finkenwerder, na tikiti yake ni ile ile ya treni na basi. Nikipanda feri ile nikafumba macho, honi na maji na watu wanaosukumana kuwahi kushuka, nilijiona niko Likoni. Nikifumbua, baridi hunikumbusha niliko.

Pana maghala ya matofali mekundu yaliyosimama kando ya mifereji, mtaa mzima, unaoitwa Speicherstadt. Yalianza kujengwa mwaka wa 1883, na watu wapatao 20,000 walihamishwa ili maghala yapate nafasi. Humo ndimo zilimowekwa kahawa, chai, viungo na mazulia ya Uajemi. Mwaka wa 2015 UNESCO iliuweka mtaa huo katika orodha ya urathi wa dunia, orodha ile ile iliyo na mji wetu wa Lamu tangu 2001 na Ngome ya Mombasa tangu 2011. Shehena za siku hizi haziko tena huko. Katika gati la Altenwerder, lililofunguliwa 2002, magari ya kubeba makontena hujiendesha yenyewe bila dereva. Kuli wa kuimba "haraa-mbee" ukimtafuta pale humpati.

Darasani tulikuwa kumi na sita. Walikuwako Washami, Waafghani, Waukraini, Mbrazili mmoja, mama wa Kighana na bibi wa Kituruki aliyekuwa amekaa mjini hapo miaka ishirini bila kujifunza lugha kwa kuwa mumewe alimsemea kila kitu, na sasa mume amekufa. Mwalimu wetu, mwanamke wa makamo mwenye subira ya ajabu, hakutumia neno hata moja la Kiingereza. Alichukua kijiko akakiinua, akasema jina lake. Akachukua uma. Akachukua kisu. Na hapo ndipo msiba ulipoanza, maana kwa Mjerumani kijiko ni mwanamume, uma ni mwanamke, na kisu si huyu wala yule.

Wenzangu waliguna. Mimi nilitulia, nikisema moyoni: ngeli tatu tu? Sisi tuna zaidi ya hizo mara mbili, na mtoto wa Kimvita anazijua kabla ya kung'oa meno ya utoto. Kiburi changu hakikuchukua siku mbili. Ngeli zetu huonekana katika neno lenyewe. Ukisikia kisu, ki- yake inakwambia la kufanya. Ya Kijerumani haikwambii kitu aghalabu. Sharti uikariri pamoja na neno lake, kama unavyojua jina la mtu pamoja na la babake. Nyumbani nilipoomba uma kwa kuuita "der", mjukuu wangu aliacha kula akanitazama kwa huruma. "Die Gabel, Babu," akaniambia. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa jioni, na hakuwa na subira ya yule wa asubuhi.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba msichana, "Mädchen", naye si mwanamke katika sarufi yao. Amewekwa pamoja na kisu. Mama wa Kighana alikasirika kwa dhati. Mwalimu akaeleza kwamba ile "-chen" ya mwisho hudogosha kitu, na kila kilichodogoshwa huingia katika ngeli hiyo ya tatu. Nikaelewa papo hapo. Si ndivyo tufanyavyo sisi tukitoka kwenye mtoto tukasema kitoto kile? Mswahili hapaswi kuambiwa mara mbili.

Na hapa niseme jambo ambalo sijasikia likisemwa na wanaotangaza masomo ya Kijerumani huku kwetu. Mtu aliyepitia chuo, akakaa kwenye mkeka mbele ya maalimu akasoma alifu kwa kijiti, ana mtaji. Sauti iliyomo katika "acht", yaani nane, na "Nacht", yaani usiku, ni khe yetu ya khamsa. Mbrazili alitema mate juma zima akiitafuta. Mimi na Washami tuliitoa siku ya kwanza. Ile "r" yao ya kooni ina udugu na ghaini. Hesabu yao huanza na mamoja: ishirini na tatu kwao ni tatu-na-ishirini, kama Kiarabu, thalatha wa ishrin. Jua kwao ni la kike na mwezi ni wa kiume, kama vile shamsu na kamari. Maalimu wangu, Mungu amrehemu, hakujua neno la Kijerumani, lakini nilikuwa nimeketi Hamburg nikila matunda ya kazi yake.

Sisemi kwamba nilipata kila kitu bure. Sauti za "ü" na "ö" zilinishinda, na hadi leo zanishinda. Hesabu hiyo hiyo ilinitia hasarani sokoni. Katika soko la samaki la Jumapili, lililo kando ya mto, ambalo wakati wa baridi hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa tatu na nusu, mchuuzi alinitajia bei ya ishirini na tatu nami nikampa thelathini na mbili. Mtu mwaminifu, alinirudishia huku akipiga kelele kwa wenzake ili wote wacheke. Na saa! Mjerumani akisema "halb drei", neno kwa neno nusu ya tatu, maana yake ni saa nane na nusu ya mchana kwetu, yaani nusu ya kuiendea hiyo saa yao ya tatu. Mimi nilisikia tatu na nusu, nikageuza kwa saa zetu, nikafika kwa daktari wa meno saa tisa na nusu. Saa nzima nyuma ya wakati, na jino linapiga ngoma. Waliniandikia siku nyingine, kwa adabu na bila tabasamu.

Wasomaji wa Mombasa watapenda kujua kwamba Kijerumani tulichofundishwa si kile cha wazee wa bandarini. Wana lahaja yao ya kaskazini, Platt, ambayo ndiyo iliyokuwa lugha ya mabaharia na wafanyabiashara, na ambayo wazee wengine bado wanaisema. Salamu ya mji, "Moin", inatoka huko, nao huitumia asubuhi, mchana na usiku kama hujambo. Mwalimu alituambia kwamba katika mtihani tusiandike "Moin". Nilimwelewa sana. Mwaka wa 1928 mkutano ulikaa hapa hapa Mombasa ukaamua kwamba Kiswahili cha vitabuni kitatokana na Kiunguja, na tangu siku hiyo watoto wetu hukatwa maksi kwa kuandika wanavyosema mama zao.

Sasa nije kwenye Ramadhani. Mwaka ule ilianza tarehe 11 Machi, nami nilikuwa katikati ya masomo. Nilifunga kwenye baridi, jambo ambalo ni rahisi kuliko kufunga kwenye jua la Februari la kwetu, ila ya tarehe 31 Machi sitaisahau. Usiku wa kuamkia siku hiyo saa husogezwa mbele nchi nzima, na magharibi ikaruka kwa saa nzima kwa siku moja. Mjukuu wangu aliona ni hila nimefanyiwa.

Misikiti Hamburg ni mingi, na mingine ina visa vyake. Kule Horn kuna msikiti wa Al-Nour ambao awali ulikuwa kanisa. Waumini wake walikuwa wakisali katika gereji ya chini ya ardhi mtaa wa St. Georg, wakalinunua lile kanisa lililoachwa mwaka wa 2012, na ukafunguliwa kama msikiti mwaka wa 2018. Mimi nilikuwa nikifuturu St. Georg, karibu na stesheni kuu ya treni, ambako barabara ya Steindamm imejaa maduka ya nyama halali na tende. Tulikaa safu safu juu ya karatasi ndefu zilizotandikwa chini. Kushoto kwangu Mturuki, kulia Mghana, mbele yangu Mwafghani na mzee wa Kibosnia. Adhana ilipolia wote tulisema Bismillahi kwa lugha moja. Kisha tukataka kuzungumza, na lugha ile moja ikatukatikia. Kiarabu tulikuwa nacho cha sala tu. Kiingereza walikijua wawili. Basi tukasema Kijerumani, kila mtu kwa kilema chake.

Nataka msomaji alipime jambo hilo. Wapo wanaodhani kwamba kujifunza lugha ya Kizungu ni kusogea nje ya umma kwa hatua moja. Pale nilipokuwa, asiyejua Kijerumani ndiye aliyekuwa nje ya umma. Khutba ya Ijumaa ilitolewa kwa Kiarabu, kisha ikafasiriwa kwa Kijerumani ili vijana waifahamu. Mayatima walichangiwa kwa Kijerumani. Maiti ilitangazwa kwa Kijerumani. Ile kauli ya kutafuta elimu hata Uchina, ambayo wanavyuoni wametuonya kwamba isnadi yake ni dhaifu, sina haja ya kuileta hapa. Haja yenyewe ilikuwa imekaa mbele yangu ikimenya chungwa.

Yule mzee wa Kibosnia aliniuliza natoka wapi. Hilo nilikuwa nimelisoma juma la kwanza. "Aus Mombasa," nikamjibu. Akaacha kijiko. Kumbe katika ujana wake alikuwa baharia, na meli yake ilitia nanga Kilindini katika miaka ya sabini. Akaanza kunieleza, na mimi kwa maneno yangu machache nikawa naokota: bandari, jua, meli, kahawa. Akasema "Kaffee mit Ingwer". Ingwer sikuijua. Akajigusa koo, akapuliza kama aliyeungua. Tangawizi! Alikuwa amekunywa kahawa ya tangawizi, ya buli la shaba na makaa, huenda karibu na baraza niliyotoka. Neno hilo halimo katika mtihani wa kwanza, na katika yote niliyojifunza Hamburg ndilo ninaloamini sitalisahau.

Mtihani wenyewe nao una habari yake. Ulaya wamezigawa daraja za lugha kuanzia A1 ya chini hadi C2 ya juu. Tangu mwaka wa 2007 sheria ya Ujerumani inamtaka mke au mume anayemfuata mwenziwe, isipokuwa baadhi ya walioachiliwa, aonyeshe kabla ya kusafiri kwamba anajua Kijerumani kidogo, na kidogo hicho ndicho A1. Muuguzi hutakiwa kupanda zaidi, kwa kawaida hadi B2. Kisha tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa kazi huko Berlin, na tangu hapo matangazo ya masomo ya Kijerumani yamejaa kwenye kuta zetu kama matangazo ya waganga. Miezi mitatu, miezi miwili, majuma sita, kufaulu ni hakika!

Kufaulu A1 kwahitaji maksi 60 katika 100. Sehemu ya kuzungumza, mtahiniwa hujieleza: jina, umri, nchi, anakokaa, lugha azijuazo, kazi, na akipendacho. Huombwa ataje jina lake herufi kwa herufi. Mtu anaweza kuyakariri hayo kama kasuku, na wengi hufanya hivyo. Binti mmoja wa mtaani kwetu, bibi harusi ambaye mumewe ni kijana wetu anayefanya kazi kule, alikariri namna hiyo chini ya mwalimu ambaye, nilipokuja kumpima baada ya kurudi, naye hakuweza kuniambia saa. Fedha za watu alikuwa akizila bila wasiwasi. Binti aliufaulu mtihani mara ya pili. Alipofika uwanja wa ndege wa huko sanduku lake halikuja. Aliulizwa likoje, rangi gani, lina nini. Maswali hayo hayakuwamo katika karatasi ya mazoezi. Alisimama pale akalia mpaka mumewe alipoingia kumtafuta, na nasikia hata leo hatoki nyumbani pasipo mume. Nikamkumbuka yule bibi wa Kituruki na miaka yake ishirini.

Kwa hivyo nawaambia wazazi wanaouza kiwanja ili mtoto asome Kijerumani: muulizeni mwalimu kwanza awasemeshe. Ikiwa hamjui lugha yenyewe, mleteni anayeijua; pwani hii hakosekani. Mtoto asome mwaka mzima kama anao mwaka. Asikilize redio yao, ashindane na mtalii kwa maneno badala ya bei. Na afike huko akiwa na uwezo wa kukataa, kwani nimeona ya kwamba mtu asiyejua lugha hutia sahihi kila karatasi anayowekewa mbele.

Lakini hata huko ni kuzungumzia kazi na ndoa tu, na nimesema kwamba tuna vitu vyetu vimefungiwa ndani ya lugha hii. Wajerumani hawakujifunza Kiswahili kwa majuma sita. Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, akamzika mkewe hapa, akakaa na wanavyuoni wetu akiuliza neno baada ya neno, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka wa 1882, yeye mwenyewe ameshakufa. Meli za kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki zilianza safari za pwani yetu mwaka wa 1890 kutoka Hamburg hiyo hiyo. Mwaka wa 1908 mji huo ulianzisha chuo cha mambo ya makoloni, na mwaka uliofuata Carl Meinhof akapewa humo kiti cha uprofesa wa lugha za Kiafrika. Walitaka kututawala, na waliona kwamba hawawezi kututawala bila kujua tunasema nini. Makusudio hayo siyasifu. Bidii yao siwezi kuikana.

Waliowafundisha ni watu wetu, na malipo yao nayo yajulikane. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka wa 1900 kufundisha Kiswahili. Kitabu cha "Desturi za Wasuaheli" kilichotolewa na Carl Velten mwaka wa 1903 sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro. Alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka wa 1905 walipotaka kurudi kukaa kwetu, wakubwa wa koloni walikataa mkewe ashuke Dar es Salaam. Wakarudi walikotoka. Mtoro alikufa Berlin mwaka wa 1927.

Siku moja baada ya masomo nilikwenda katika maktaba ya chuo kikuu cha Hamburg, nikauliza kwa Kijerumani changu cha kuungaunga kitabu cha Ernst Dammann kilichochapwa mji huo huo mwaka wa 1940. Ni tungo za Kiamu. Dammann alikaa Lamu katika miaka ya thelathini akikusanya tungo hizo, na miongoni mwa waliomwandikia hati ni Muhamadi Kijuma, yule fundi wa khati na wa nakshi za mbao, aliyefariki mwaka wa 1945. Dammann huyo alikuwa mwanachama wa chama cha Hitler, na lazima lisemwe. Nikakifungua kitabu. Maneno ya wazee wetu niliyasoma moja kwa moja, kwa raha, kama niko ukumbini Lamu. Kisha nikateremka kwenye maelezo: neno hili lina maana gani, desturi hii ilikuwaje. Yote kwa Kijerumani. Nilifahamu "na", nikafahamu "si", nikafahamu "nyumba". Mswahili mzima, mwalimu wa Kiswahili, nilikaa mbele ya habari za watu wangu kama mtoto anayesubiri kusomewa barua.

Ni wangapi pwani hii wanaoweza kukisoma kitabu hicho hadi mwisho? Tuna vijana waliofika B2 na C1, na fikra zao zote ni hospitali na viwanda. Siwalaumu, tumbo halingoji. Lakini mmoja katika mia akitenga jioni zake akatufasiria yaliyomo humo, atakuwa ametufanyia kazi ambayo hapana mtalii wala mkataba utakaotufanyia. Tungepata hata kuyasahihisha, kwani sina shaka yamo makosa, na makosa ya mgeni hayawezi kusahihishwa na mtu asiyeyasoma.

Mambo haya yana upande wa pili, nao ulinikuta nyumbani kwa mpwa wangu. Mtoto alipokuwa na miaka miwili, mtu mmoja mwenye cheo katika mambo ya malezi alimshauri mama yake aache Kiswahili nyumbani, eti lugha mbili zitamchanganya mtoto. Mama aliogopa, akaacha. Matokeo yake dada yangu, aliye hapa Mombasa, hakuwahi kuzungumza na mjukuu wake. Humwona katika simu, humwona anacheka, basi. Darasani niliwaona watoto wa Kishami waliokuja kuwapokea wazazi wao. Wanasema Kiarabu na mama, Kijerumani na mwalimu, na hawajachanganyikiwa popote. Nilimwambia mpwa wangu hivyo, kwa ukali kidogo kuliko nilivyokusudia. Alinyamaza. Siku ya pili nikamsikia jikoni anamwambia mwanawe alete chumvi, kwa Kiswahili, na mtoto akaleta sukari.

Idi iliangukia Jumatano, tarehe 10 Aprili. Baada ya sala tulipiga simu Mombasa. Kwa mwezi mzima mimi na mjukuu wangu tulikuwa na mapatano: yeye anisahihishe "der, die, das" mezani, nami nimpe maneno matatu ya Kiswahili kila jioni. Akasimama mbele ya simu na kanzu yake mpya.

"Shikamoo, Bibi."

Upande wa pili kimya. Kisha sauti ya dada yangu: "Marahaba, mwanangu. Umekula nini leo?"

Mtoto akanigeukia kwa macho. Nikamfasiria, na kitenzi kikakaa mahali pake mwishoni, pengine kwa mara ya kwanza. Akairudia simu akasema: "Kaimati."

"Ngapi?"

Hilo alilielewa mwenyewe. Akahesabu vidole kwa Kijerumani, polepole, mpaka "sieben", akasita, kisha akasema, "Saba."

Dada yangu akasema saba ni nyingi kwa tumbo la mtoto, na akataka apewe mama yake amgombeze.